Pumzi za Karani

Kazini walimwita Wembe, na jina hilo hakulipata kwa ukali. Alipoanza kazi redioni, miaka mingi iliyopita, sauti zilikuwa zinanaswa kwenye utepe, na ukitaka kuondoa neno lililokosewa ulikata utepe kwa wembe kisha ukaunganisha ncha mbili kwa kipande cha karatasi ya gundi. Yeye alikata kuliko wote. Angeweza kumtolea mheshimiwa fulani kikohozi katikati ya hotuba, na mheshimiwa mwenyewe akasikiliza asijue kwamba aliwahi kukohoa. Siku hizi utepe umekwisha, kompyuta ndiyo inayokata, lakini jina limebaki. Mwenye jina naye amebaki, ana miaka hamsini na miwili, mume mmoja, watoto wawili wanaojitegemea, na masikio ambayo mumewe ameyachoka, kwa sababu daktari amemkataza sukari na mkewe husikia kopo likifunguliwa kutoka chumba cha tatu.

Huko redioni Wembe alifundishwa sheria moja iliyozipita zote: kimya ni dhambi. Sekunde tatu zikipita bila sauti, simu ya studio ililia, na mkuu wa zamu aliuliza, "Mtambo umekufa au mmekufa nyinyi?" Aliyerudia kosa aliandikiwa barua. Basi Wembe akajifunza kukichukia kimya jinsi watu wengine wanavyochukia mende. Hata nyumbani, mtu akinyamaza mezani muda wa kutafuna tonge mbili, utamsikia anauliza, "Haya, kuna nini?"

Redio ilipowapunguza wafanyakazi, aliangukia kwenye kampuni ndogo ya kutengeneza podikasti, ghorofani, juu ya duka la vioo. Chumba cha kurekodia kilikuwa kimepigiliwa magodoro ukutani kuua mwangwi. Kazi kubwa ya pale ilikuwa hadithi moja ndefu ya sehemu ishirini na nne, sehemu moja kila wiki, iitwayo "Nyumba ya Vyumba Tisa": wapangaji tisa, na mwenye nyumba aliyetoweka na ufunguo wa chumba namba saba.

Mtunzi na msomaji wake alikuwa mtu mmoja, mzee mstaafu aliyekuwa karani wa mahakama. Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kusimama na kusoma mashtaka kwa sauti. Wote walimwita Karani, naye hakukataa. Alikuwa mjane, anaishi peke yake, na kila Jumatano alipanda ngazi za duka la vioo akiwa na daftari kwapani, amevaa koti na tai, ingawa kule ndani aliyemwona ni Wembe tu kupitia kioo. Wembe alijua kwamba wiki ya mzee yule ilikuwa na siku moja tu, hiyo Jumatano, na kwamba nyingine zote zilikuwa za kuisubiri.

Siku ya kwanza kabisa, kabla hata hajakaa, Karani alifunga mlango akasema, "Binti yangu, nina pumu. Utasikia kifua kinavyovuta kati ya sentensi na sentensi. Yote hayo uyatoe. Mimi nilikuwa nasoma shtaka la kurasa nne bila kukwama, hakimu anaangalia saa. Sitaki watu wanisikie nikihema."

"Hakuna atakayekusikia, mzee wangu," Wembe alimjibu.

Ahadi ni deni, na Wembe alilipa hili wiki hadi wiki. Kifua cha Karani kilivuta hewa kwa sauti ya meza inayoburutwa sakafuni, na katika nusu saa moja kiliburuta mara mia tatu na ushee. Wembe alizikata pumzi zote, moja moja, akaunganisha maneno yakakaa bega kwa bega. Ukisikiliza unapata sauti nzito, safi, ya mtu ambaye hajawahi kuumwa hata mafua. Karani alisikiliza ya kwanza akatabasamu mpaka meno ya dhahabu yakaonekana, na Wembe akaenda nyumbani anajisikia ametenda jambo la heshima.

Halafu ikaja Jumatatu moja, walipokuwa wamekwisha kutoa sehemu ya kumi na mbili. Mkuu wa kampuni, mwanamke mchapakazi ambaye watu walimwita Bi Takwimu kwa kuwa hata salamu aliijibu kwa asilimia, alimwita Wembe mbele ya kompyuta yake. Kulikuwa na mstari mmoja kwenye kioo. Ulianza juu, ukatambaa vizuri, kisha ukaporomoka kama ndoo iliyokatika kamba.

"Unaona hapa? Dakika ya saba," Bi Takwimu alisema. "Wakianza mia, hapa wamebaki arobaini. Kila wiki, palepale. Hadithi ni nzuri, nimeisoma mwenyewe daftarini. Kinachowachosha ni sauti. Nafikiria tutafute msomaji mwingine amalizie. Mzee ataendelea kuandika, na kifua chake kitapumzika."

Alilisema kwa upole, tena kwa nia njema, lakini akufukuzaye hakwambii toka. Wembe aliiona Jumatano ya Karani ikiondoka, na koti likibaki kwenye msumari.

"Nipe sehemu tatu," alisema. "Nijaribu kuitengeneza."

"Tatu tu. Ya kumi na tano ikiporomoka vilevile, ya kumi na sita anasoma mwingine. Na tafadhali, mzee usimwambie kwanza. Nitamwambia mimi."

Wembe alikaa akaitazama kazi yake kama mgeni, na aibu ikampata mapema. Kila sehemu ilianza kwa maelezo ya tulipoishia, na maelezo hayo yalikuwa ya dakika nne. Nani alikuomba dakika nne? Aliyekuwepo wiki iliyopita anajua, na asiyekuwepo haelewi hata ukimpa saa nzima. Akayafupisha yakawa sekunde arobaini. Kisha akagundua kwamba orodha ya vipindi ilikuwa imepangwa kichwa chini, kipya juu na cha kwanza chini kabisa, kwa hiyo msikilizaji mgeni alibonyeza cha juu na kujikuta kwenye sehemu ya kumi na mbili, sawa na mtu anayefika shereheni wakati vyombo vinaoshwa. Akaomba orodha igeuzwe. Mwishowe akafanya lile alilofundishwa na redio: akakaza. Kwenye sehemu ya kumi na tatu hakutoa pumzi tu, alitoa hata vile vijinafasi vidogo vilivyokuwa vimeponea. Ikawa fupi kwa dakika tatu, na hakukuwa na upenyo hata wa kupitisha uzi.

Matokeo yalikuja. Wageni waliongezeka na kuanza sehemu ya kwanza, kwa sababu ya ile orodha. Lakini ile ya kumi na tatu, iliyokazwa, watu hawakufika hata dakika ya saba. Walikimbia dakika ya tano.

Jumamosi Wembe alipeleka mashati ya mumewe kwa wifi yake. Wifi huyu, dada wa mumewe, alikuwa kiongozi wa wapiga pasi katika duka kubwa la dobi: wanawake sita, meza sita, pasi za mvuke, na katikati simu moja iliyosimamishwa ndani ya kikombe kitupu ili sauti ipate nguvu. Kutwa nzima walisikiliza hiki na kile. Wembe alilijua hilo miaka yote, na hakuwahi kuuliza wanasikiliza nini. Nyani haoni kundule.

"Wifi, mbona ile yangu siisikii hapa?" aliuliza, akiweka mashati mezani.

"Tuliisikiliza. Tukaishia ya sita."

"Na hukuniambia!"

"Nikwambie nini, wifi? Kwamba kazi yako inatuchosha? Halafu kaka yangu aninunie mpaka mwisho wa mwaka?"

"Niwekee ya kumi na tatu. Nataka kuwaona mnavyosikiliza."

"Utaona mambo," alisema wifi, akabonyeza.

Wembe alisimama kando. Kwa miaka yote alikuwa amesikiliza kazi yake akiwa na hedifoni nzuri, katika chumba chenye magodoro. Hapa, kila pasi ilipogusa kola ilitoa mvuke, psss, na mvuke ukameza nusu ya sentensi. Ukipungua, Karani alikuwa ameshafika mtaa mwingine. "Nani kafungua mlango?" aliuliza mwanamke wa meza ya tatu. "Yule mpangaji wa chumba cha nne," mwenzake akamjibu, na katika kujibizana huko watu wawili zaidi wakaingia hadithini bila kuonwa na mtu. Mwanamke wa meza ya tatu akaanza kuhesabu vifungo vya shati. Ilipofika dakika ya tano, mkono wenye maji ulinyooshwa kwenye kikombe na muziki ukaanza. Hakuna aliyelalamika, na hilo ndilo lililomuuma Wembe kuliko yote.

"Sasa umeona?" wifi alisema. "Huyo mtu wenu hapumui. Ni jini? Mimi nikimsikiliza najikuta nimebana pumzi mpaka shati linakwisha, natoka jasho bure. Anakwenda kama anafukuzwa na mbwa. Mtu akikusimulia jambo, wifi, lazima anyamaze kidogo, na wewe upate pa kuitikia 'ehee'. Huyu wenu nimwitikie wapi?"

Kikulacho ki nguoni mwako, na kilichokuwa kinamla Karani kilikuwa wembe wa rafiki yake. Wembe alisimama pale ameshika risiti ya mashati, anataka kulia, na hakulia kwa sababu wifi angelisimulia jambo hilo ukoo mzima.

Jumatatu asubuhi alifungua rekodi ya sehemu ya kumi na nne kama ilivyotoka mdomoni kwa Karani, haijaguswa. Aliisikiliza si kwa hedifoni bali kwa simu ndani ya kikombe, jikoni kwa kampuni, bomba la maji likiwa wazi. Akaanza kuacha. Kuacha kulimpa taabu kuliko kukata, maana mkono ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye kitufe. Muziki akaushusha chini ya sauti. Palipokuwa na mtu anaingia bila kutajwa ni nani, aliandika alama ili Karani arudie sentensi. Na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyogundua jambo lililomnyong'onyeza. Pumzi za mzee hazikuwa zimetupwatupwa ovyo. Kabla ya uongo wa mhusika zilikuwa fupi. Kabla ya mlango kufunguliwa zilikuwa ndefu. Miaka thelathini na moja ya kusoma mashtaka ilimfundisha mahali ambapo watu wanahitaji kumeza mate, na kifua kibovu kilijifunza kupumua palepale. Wiki kumi na tatu mfululizo Wembe alikuwa anakata nusu ya hadithi na kuitupa, akijisifu kwa usafi.

Jumatano alimkalisha Karani na kumsikilizisha dakika tano. Mzee aliweka kiganja juu ya goti, akasikiliza, na uso wake ukajikunja.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Ni wewe, mzee wangu."

"Mimi najijua. Nakuuliza hii ni nini. Uliniahidi."

"Niliahidi. Leo nakuomba uniachilie ile ahadi."

"Kifua hiki nakisikia kila siku bila kuombwa," Karani alisema. "Sasa unataka nikisikie na kwenye simu za watu? Waseme, masikini, yule mzee amekwisha?"

Wembe aliona hakuna tena pa kuzungukia. Alivunja amri ya Bi Takwimu, akamweleza yote: mstari unaoporomoka, dakika ya saba, sehemu ya kumi na tano, msomaji mwingine. Karani alikuwa hajui hata moja. Alinyamaza, na kimya hicho kilikuwa kirefu kiasi kwamba kule redioni kingemfukuzisha mtu kazi. Wembe, kwa mara ya kwanza maishani, alikiacha kikae.

"Basi asome huyo mwingine," Karani alisema mwishowe, akaanza kukusanya daftari lake. "Afadhali asome mwenye mapafu kuliko nionewe huruma."

"Kuna mahali pamoja nataka twende kwanza. Kuna wanawake sita walioikimbia hadithi yako. Wataisikiliza hii yenye pumzi mbele yako, nawe hutasema neno. Wakiichoka, naikata yote kama ulivyotaka, na sitakusumbua tena."

Karani alikataa kwa kichwa.

"Na koti lako limekunjamana mgongoni," Wembe akaongeza. "Wifi yangu analinyoosha vizuri sana."

Mzee akajipapasa mgongoni. Kwa ajili ya hadithi asingekwenda, lakini koti lilikuwa jambo jingine.

Kwa dobi walimkuta wifi amefunga kilemba, mikono imelowa mvuke. Alimwamkia mzee, "Shikamoo," naye Karani akainua mkono tu. "Koo linamsumbua," Wembe alieleza haraka. Mzee akavua koti, akakaa kwenye benchi karibu na mlango akiwa na shati na tai, amekunja mikono kifuani kama mshtakiwa anayesubiri zamu. Wifi akalitandaza koti kwenye meza yake. Simu ikaingia kikombeni.

Zile sekunde arobaini zikapita. Sauti ya Karani ikaanza, ikasema sentensi tatu, ikanyamaza, na kifua kikaburuta meza yake sakafuni. Mwanamke wa meza ya tatu aligeuza shati lake. Sauti ikaendelea. Psss, mvuke ukapita, na ulipopungua Karani alikuwa bado anavuta hewa, hajaenda kokote bila wao.

"Ehee," alisema mwanamke wa meza ya tatu, bila kujua kama amesema.

Pale kwenye benchi Karani aliinua kichwa.

"Mpuuzi huyo, anadanganya," alisema mwingine, kwenye ile pumzi fupi. "Ehee," wakaitikia wawili. Dakika ya tano ikapita, hakuna mkono ulionyooshwa. Dakika ya saba ikapita. Wembe alikuwa anaangalia saa ya ukutani.

Hadithi ikafika mahali ambapo mpangaji wa chumba cha nne amesimama mbele ya chumba namba saba. Ufunguo umeingia. Umezunguka. Na hapo Karani wa kwenye simu akavuta pumzi ndefu kuliko zote, ikakwaruza, ikapanda, ikasita. Pasi tano ziliinuka hewani zikabaki zimening'inia mikononi. Hakukuwa na mvuke wala mlio wa kifungo. Wanawake sita walikuwa wanakitazama kikombe kama vile mlango uko mle ndani.

Kilichowazindua ni harufu.

"Mama yangu!" wifi alipiga kelele. Pasi yake, ya sita, haikuinuka. Alikuwa ameisahau mgongoni mwa koti, na alipoinyanyua palibaki alama ya kahawia, umbo zima la pasi, na ncha yake ikielekea kwenye kola. Miaka kumi na tisa alikuwa amepiga pasi suti za mabwana harusi na magauni ya hariri, na hakuwahi kuunguza hata leso. Alilibeba koti kwa mikono miwili mpaka kwenye benchi, akapiga goti.

"Mzee wangu, nisamehe. Sijui nimepatwa na nini. Miaka kumi na tisa, mzee wangu, waulize hawa. Nitakutafutia jingine."

Karani alisimama. Alilitazama koti lake la mahakamani, la Jumatano, na Wembe akaona wazi kwamba mzee amekasirika na ana maneno tayari. Akafungua mdomo. Lakini kabla ya maneno ilibidi hewa iingie, nayo ikaingia kama kawaida yake, ikiburuta.

Wanawake wengine watano waligeuka.

Wifi alikuwa bado amepiga goti. Aliinua uso polepole.

"Mzee," alisema. "Hebu pumua tena."

Karani alijaribu kujizuia na hakuweza, maana kifua hakikuwahi kumsikiliza mtu. Kikavuta. "Ni yeye!" mwanamke wa meza ya tatu alipaza sauti. "Ni yeye, ndiye huyu!" Pasi zikawekwa chini, wakamzunguka, mmoja akiuliza kama kweli aliwahi kukaa kwenye hiyo nyumba ya vyumba tisa, mwingine akitaka kujua yule muongo ataumbuka lini, na wifi, kwa kusahau kabisa kosa lake, akamshika mkono wa shati: "Nyuma ya huo mlango kuna nini, mzee wangu? Niambie mimi tu, nimeshakuunguzia koti, sisi sasa ni ndugu."

"Binti," Karani alisema kwa ile sauti ya mahakamani, na yale meno ya dhahabu yakaonekana, "hilo hata Wembe sijamwambia."

Sehemu ya kumi na nne ilitoka na pumzi zake. Ya kumi na tano pia. Bi Takwimu alimwita Wembe aone mstari: ulikuwa unateremka taratibu, kama kilima cha kawaida, na kati ya mia waliobaki mpaka mwisho walikuwa sabini na wawili. Alitaja tarakimu hiyo mara tatu, akaomba radhi mara moja, na kwake hiyo ilikuwa nyingi. Habari ya msomaji mwingine haikutajwa tena.

Jumatano iliyofuata Karani alipanda ngazi akiwa na koti lilelile, alama ya pasi imekaa mgongoni, kubwa, haifichiki. Wembe alimuuliza kwa nini hakulipeleka kwa fundi aliwekee kiraka, au akubali lile jingine ambalo wifi alikwisha kumtafutia.

"Liache hivyo," Karani alijibu. "Hiyo ni hati yangu, na muhuri wameupiga wasikilizaji."

Akaingia kwenye chumba cha magodoro, akakaa, akafungua daftari. Wembe akavaa hedifoni, akawasha mtambo, akamwonyesha kidole gumba kupitia kioo. Mzee aliusogelea ukurasa, akavuta pumzi yake ndefu, yenye mikwaruzo yote, bila haraka na bila kuomba msamaha. Sekunde moja ikapita, mbili, tatu. Wembe aliondoa mkono kwenye kitufe, akauweka mapajani, na huku nyuma ya kioo, peke yake, akaitikia:

"Ehee."